Kabla Helikopta Hazijaanza

Hotuba iliyotolewa Kisumu jioni ya Jumamosi, kabla ya onyesho la filamu Outbreak, na kuandikwa upya na msemaji mwenyewe.

Mwenyekiti wa chama cha filamu, walimu mlioacha karatasi za kusahihisha nyumbani, wenzangu wa idara ya afya, na ninyi wanafunzi mliojipanga pale karibu na mlango ili mponyoke chai ikichelewa, hamjambo? Wale mliotoka Kitale alfajiri, chamgei. Wa hapa nyumbani, amosou.

Mwenyekiti aliponipigia simu wiki mbili zilizopita aliniuliza swali moja tu. "Mzee, hii Outbreak ni filamu nzuri ama mbaya? Maana tukisoma wahakiki, mmoja anaipandisha mbinguni, mwingine anaitupa mto Kisat." Nikamjibu kwamba ni nzuri nusu. Akanyamaza. Nadhani alitaraji mtu aliyekaa maabara zaidi ya miaka thelathini awe na jibu lililonyooka, kama tunavyoandika kwenye fomu: chanya, hasi. Basi nimekuja kulitetea lile jibu langu la nusu, na nitawaambia nusu ipi ni ipi. Nitawasimulia hadithi yote pia, na asinilaumu mtu, kwa sababu filamu yenyewe ina umri wa kuwazaa wengi wenu. Ilitoka Machi 1995.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka uliofuata, kule Kitale, kwenye kibanda cha video cha mabati. Mkanda ulikuwa umechoka, picha inaruka, na mwenye kibanda alikuwa akisimama kila dakika kumi kuupangusa mtambo wake kwa kitambaa chenye spiriti. Tulikaa kwenye mabenchi, magoti yanagusana. Siku zile kanuni ya kibanda ilikuwa moja: staringi hafi. Kila aliyelipa alijua kwamba Dustin Hoffman atafika mwisho akiwa mzima, na swali lilikuwa atawapiga wangapi njiani.

Hadithi ni hii. Mwaka 1967, huko Zaire, Kongo ya Kinshasa ya leo, katika bonde la mto Motaba, homa ya ajabu inaua watu kwenye kambi ya mamluki. Wanajeshi wa Marekani wanakuja, wanachukua damu, wanaahidi msaada, kisha ndege inakuja na msaada wenyewe ni bomu. Miaka inapita. Tumbili mmoja anasafirishwa kwa meli hadi Marekani, kijana anamwiba kwenye karantini ili amuuze dukani, na ugonjwa unaangukia mji mdogo wa California unaoitwa Cedar Creek. Hoffman ni Kanali Sam Daniels, daktari wa jeshi. Rene Russo ni mtalaka wake, naye pia ni daktari. Morgan Freeman ni jenerali mwenye siri, na Donald Sutherland ni jenerali mwenye siri zaidi, anayetaka mji wote ulipuliwe, watu na kuku. Mwongozaji ni Wolfgang Petersen, Mjerumani.

Wahakiki wa Marekani waligawanyika. Roger Ebert wa Chicago, ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wengi, alikuwa upande wa walioipenda. Wengine walisema imeanza kama filamu ya ugonjwa na kuishia kama filamu ya kufukuzana, na kwamba majenerali wale ni wabaya wa kuchongwa kwa panga. Wengi walikaa katikati: waigizaji wazuri, mwendo wa kasi, mwisho wa kitoto. Fedha hazikusoma uhakiki. Filamu iliyogharimu dola milioni 50 hivi ilikusanya karibu milioni 190 duniani.

Kuna jambo lilitokea ambalo hakuna kampuni ya filamu ingeweza kulipanga. Mwezi Mei mwaka huohuo, filamu ikiwa bado iko kwenye majumba ya sinema, Ebola ililipuka Kikwit, Zaire ileile. Watu 315 waliugua, na zaidi ya 240 wakafa. Ghafla waliokuwa wameicheka wakaanza kuitaja kama vile ilikuwa imetabiri. Mwaka 2020, korona ilipotufungia ndani, ikarudi tena, watu wakaifukua kwenye Netflix usiku wakiwa wamevaa barakoa sebuleni mwao. Mimi sidhani filamu huwa nzuri zaidi kwa sababu ya msiba uliotokea baadaye. Dakika zake ni zilezile.

Sasa niingie kwenye nusu nzuri, na mnivumilie, kwa sababu hapa nitakaa.

Kuna kijana wa maabara katika hospitali ya Cedar Creek. Haonekani kwa muda mrefu. Ameletewa damu ya mgonjwa, ameiweka kwenye sentrifuji, ile mashine inayozungusha vichupa kwa kasi hadi chembe zishuke chini na majimaji yabaki juu. Anafungua kifuniko kabla mashine haijasimama. Anaingiza mkono. Kichupa kinavunjika na damu inamrukia usoni. Anajipangusa, anaendelea na kazi.

Kule kibandani hakuna aliyeshtuka. Mimi nilisimama. Aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Mzee, keti, hata risasi bado."

Wenzangu wa maabara waliomo humu ndani wanajua kwa nini nilisimama. Kila mtu aliyewahi kushika zamu ya saa nne asubuhi, foleni imefika nje, daktari ametuma mtu mara ya tatu kuuliza majibu, anajua tamaa ya kukifungua kile kifuniko huku rota, kile kinachoshika vichupa, bado inazunguka polepole. Inabaki sekunde ishirini, thelathini, na unaziona kama saa nzima. Mashine za siku hizi zinajifunga zenyewe hadi zisimame. Zile tulizofundishwa nazo sisi hazikuwa hivyo, na nyingine kufuli lake lilikuwa limekufa zamani na tumelifunga kwa plasta. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kichupa kilivunjika mbele yangu nikiwa na miaka miwili kazini. Mimi ndiye niliyekuwa nimefungua. Damu iliniingia jicho la kushoto. Nililiosha kwa maji ya bomba dakika kumi na tano nikitetemeka, kisha nikaandika majibu ya wagonjwa waliobaki, na sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliogopa kuulizwa ni nani alifungua. Nilimwambia mke wangu baada ya miezi mingi. Haikuwa na kitu damu ile, Mungu alinihurumia.

Kwa hiyo nilipomwona kijana yule wa Cedar Creek akijipangusa shavu, nilijua kwamba aliyeandika ukurasa ule alikuwa amekaa na mtu wa maabara akamsikiliza. Halafu kuna kupasuka kwa vazi la kinga la daktari mwenzao, anayeigizwa na Kevin Spacey, kwa sababu ya uchovu tu. Kuna sindano inayomchoma Rene Russo wakati anamhudumia mgonjwa anayetapatapa. Hakuna jambazi katika matukio hayo matatu. Ni haraka, usingizi, na mkono ulioteleza. Wahudumu wengi wa afya wanaoambukizwa kazini huambukizwa hivyo hivyo. Nimesoma tahakiki kadhaa za filamu hii miaka hii yote, nikakuta helikopta zimetajwa karibu katika kila moja. Sentrifuji sijaikuta.

Na kuna tukio la jumba la sinema. Mgonjwa anakohoa gizani, na kamera inayafuata matone madogo yakielea kati ya watu wanaocheka na kula bisi, hadi kwenye kinywa cha mwanamke aliyefungua mdomo kucheka. Sasa fikirini sisi tulikuwa wapi tukiyatazama hayo. Kibanda cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia mwanga usiingie, watu sitini, na mzee mmoja kule kona anakohoa kikohozi cha kifua kikuu ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekisema. Kibanda kilinyamaza. Mtu mmoja akasema kwa Kibukusu neno ambalo sitalitafsiri. Kama kuna mhakiki aliyeuliza filamu hii inamfanya mtu ahisi nini, angekuja pale.

Hiyo ndiyo nusu nzuri. Inaisha pale Hoffman anapopanda helikopta.

Kuanzia hapo ugonjwa unakuwa kisingizio. Wanamtafuta tumbili, wanampata kwa msichana mdogo aliyemzoea na kumpa jina, Betsy, wanamlaza kwa mshale wa dawa, na kutokana na damu yake inatengenezwa seramu, majimaji ya damu yenye kinga, inayomponya Rene Russo akiwa ameshaanza kutoka vidonda. Yote hayo katika muda ambao hospitali zetu huchukua kupata sahihi ya kununua glavu. Samahani, daktari, nakuona unacheka, wewe ndiwe mwenye sahihi.

Sisi watu wa upande huu wa ziwa tuna haki ya kulicheka jambo hili kuliko wahakiki wa New York, kwa sababu tumekaa ndani ya kazi yenyewe. Kombewa iko umbali gani kutoka hapa? Matatu moja. Pale, na Siaya, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, akina mama walibeba watoto wao mgongoni mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya malaria, ile RTS,S. Walitoboa vidole, wakapima joto, wakarudi, wakaandikwa tena. Utafiti wa chanjo hiyo ulikuwa umeanza katika miaka ya themanini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021. Kuna wasichana waliofunga shule wakati kazi hiyo inaanza, na chanjo ilipofika walikuwa wamepata wajukuu. Filamu haiwezi kuonyesha hayo, najua, nani atakaa kibandani miaka thelathini. Lakini ingeweza kutuachia angalau wiki moja.

Na tena, kituo cha Kombewa kinaendeshwa na nani? Na watafiti wa jeshi la Marekani pamoja na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Kwa hiyo hao wanajeshi wenye koti la maabara, ambao kwa mtazamaji wa Ohio ni watu wa kubuni, kwetu ni majirani wanaopanga nyumba Milimani na kununua samaki Dunga. Ndiyo maana yule jenerali wa Sutherland alituingia vibaya. Siku zile, na nadhani hata leo, kulikuwa na watu vijijini waliosema damu inayochukuliwa inakwenda kuuzwa. Wazee wa Pwani wana neno lao la zamani, mumiani, mnyonya damu anayefanya kazi usiku akiwa na gari na sindano. Filamu iliwapa wanaoamini mumiani picha ya rangi: wanajeshi walikuja, wakachukua damu, wakaahidi msaada, wakaleta bomu. Nilikuwa nikienda vijijini kuchukua sampuli mwaka ule, na mzee mmoja wa Trans Nzoia akaniambia, "Hata kwenye video tumewaona." Ningemjibu nini? Alikuwa ameiona.

Turudi kwa tumbili, maana hapa nina kesi binafsi. Yule Betsy anadaiwa kutoka Zaire. Yule mnyama ni kapuchini, na kapuchini ni wa Amerika ya Kati na Kusini. Hakuna kapuchini aliyezaliwa kwenye msitu wowote wa Afrika. Mtaniambia ni jambo dogo, na tumbili ni tumbili. Haya, mimi nikitengeneza filamu kuhusu Texas nikaweka twiga nyuma ya nyumba, mtanyamaza?

Uchungu wangu unatokana na kwamba kisa cha kweli cha tumbili kilikuwepo, na kilikuwa kizuri kuliko chao. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao filamu inaanzia, tumbili wa kijani walisafirishwa kutoka Uganda kwenda Ulaya kwa kazi ya maabara, ikiwemo utengenezaji wa chanjo ya polio. Wafanyakazi wa maabara wakaugua katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia. Watu 31, saba wakafa. Kirusi kikapewa jina la mji wa Marburg. Tumbili wale ni hawa tunaowafukuza kwenye mahindi.

Na kirusi hicho kikarudi kutafutwa kwetu. Ninyi wa Kitale mnaijua Kitum, lile pango la Mlima Elgon ambamo tembo huingia usiku gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huku magharibi aliingia humo, akaugua Marburg, na Januari 1980 akafia Nairobi. Richard Preston anasimulia katika kitabu chake The Hot Zone, cha mwaka 1994, kwamba mgonjwa huyo alipandia ndege hapahapa Kisumu. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmarki aliyekuwa ametembelea pango lilelile naye akafa. Watafiti wakaenda Kitum mwaka 1988 wakiwa wamevaa mavazi ya kinga, wakachunguza popo, panya, wadudu, wasipate kitu. Ilichukua karibu miaka ishirini zaidi kabla popo wa matunda hawajathibitishwa kubeba kirusi hicho. Na mwaka 2017 Marburg ikatokea Kween, upande wa Uganda wa mlima uleule, hadi watu wa afya wakawa wanafuatilia nyayo zake Trans Nzoia na Pokot Magharibi.

Kitabu hicho cha Preston kilitokana na makala aliyoiandika mwaka 1992, na Hollywood ilikuwa tayari imeinunua. Ridley Scott alikuwa aongoze, Robert Redford na Jodie Foster waigize. Zikawa filamu mbili za homa ya damu zinashindana kama mabasi ya Nakuru, na ile ya Preston ikaharibika njiani mwaka 1994 kabla hata ya kuanza kupigwa. Iliyofika stendi ni hii, yenye mto wa kubuni, ugonjwa wa kubuni, na mnyama wa bara jingine. Huenda ile nyingine nayo ingekuwa mbovu. Lakini ingekuwa na pango.

Na ingewezekana ikawa na Dakta Shem Musoke. Wangapi humu mmewahi kusikia jina hilo? Mikono... wanne. Watatu kati yenu ni wa maabara, kwa hiyo ni mmoja. Dakta Musoke ndiye aliyempokea yule Mfaransa Nairobi. Alijaribu kumwokoa mgonjwa aliyekuwa anatapika damu, damu ikamfikia, na baada ya siku chache akaugua yeye. Hakukuwa na seramu wala Betsy. Aliugua hadi mwisho, akapona. Kirusi kilichotolewa kwenye damu yake kinatunzwa na kutumika katika maabara za dunia hadi leo, na jina lake kwenye vitabu ni Musoke.

Sasa mlinganishe na filamu. Sitaionea: kuna daktari Mwafrika mwenye jina, Dakta Iwabi, anayeigizwa na Zakes Mokae wa Afrika Kusini, na Mokae ana uso ambao ukiutazama unaamini kila anachosema. Anawapokea Wamarekani kijijini ambako karibu kila mtu amekufa, anawatafsiria maneno ya mganga aliyebaki, kwamba miungu imekasirika kwa kukatwa miti. Dakika chache. Kisha Wamarekani wanaondoka na sampuli zao, na Iwabi anabaki huko. Hatumwoni tena. Hatujui kama alikula chakula cha jioni siku ile. Wahakiki walioipenda na walioichukia, wale niliowasoma mimi, hakuna aliyeuliza Iwabi alikwenda wapi.

Na wale waliokufa kijijini hawana hata hicho. Kule Cedar Creek angalau mama anatenganishwa na watoto wake na kamera inakaa naye. Kule Zaire miili imelala tu, inapitwa na watu wenye mavazi ya plastiki. Mwaka 1996 sikuliwaza sana hili. Nililiwaza Aprili 2020, wakati mtu mmoja alipozikwa huko Ukwala, Siaya, saa za usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi yale yale, na video ikasambaa kwenye simu zetu asubuhi. Mnakumbuka. Mimi nilikuwa nimestaafu, nikaitazama jikoni simu ikiwa mkononi. Waliovaa walikuwa na hofu ya kweli, na mimi hofu hiyo naijua kuanzia jicho la kushoto. Lakini waliofiwa walisimama mbali na kaburi la mtu wao. Mke wangu akasema, "Kama ile sinema yenu." Tulikuwa tumeitazama pamoja siku chache kabla, kwa ajili ya karantini.

Kwa hiyo mwenyekiti, unisamehe, hiyo ndiyo nusu yangu. Kama mngenilazimisha niipe alama, ningeipa saa ya kwanza alama nane kati ya kumi, na saa ya pili alama tatu, moja kati ya hizo ni ya Morgan Freeman anapomgeuka mkubwa wake bila kupandisha sauti. Mwalimu pale anataka wastani. Sitoi wastani. Kipimo cha damu ukikichanganya na cha mkojo huwi na majibu ya mtu yeyote.

Ninachowaomba vijana wa chama hiki, mtakapoandika uhakiki wenu kwa Kiswahili wiki ijayo, msiniandikie "noma" wala "takataka". Niandikieni dakika ya ngapi. Na mmoja wenu, tafadhali, aandike kuhusu Iwabi, hata ukurasa mmoja, hata wa kubuni: alirudi hospitalini kwake na nani, akamzika nani.

Naona kijana wa mtambo ananionyesha saa, na feni hii haitutoshi kama tutaendelea hivi. Zimeni taa. Mimi nitakaa benchi la mbele hadi yule kijana wa maabara afungue kile kifuniko. Msinishike nikisimama. Helikopta zikianza, nitakuwa pale nje kwa mama wa njugu, na atakayetaka kunifuata aje na shilingi ishirini zake.